Baipasi Moyo Ukidunda: Mgonjwa wa Kitui na Makueni Aulize Nini?

Mgonjwa wa Kitui au Makueni ambaye mishipa ya moyo wake imeziba, kwa kawaida habari hiyo humkuta Nairobi. Kaunti zote mbili zina hospitali za rufaa, moja mjini Kitui na nyingine mjini Wote, lakini anjiogramu, ile picha inayopigwa kwa kupitisha mrija mwembamba kutoka mkononi au kwenye paja hadi moyoni, humtoa nyumbani. Ripoti inayorudi nayo ndiyo huitisha kikao cha familia: mishipa mitatu imeathirika, mgonjwa ana kisukari, ugonjwa umeenea. Ushauri ni upasuaji. Na familia ikitafuta maoni ya pili, huenda ikapata jibu tofauti. Daktari mmoja husimamisha moyo na kumtegemeza mgonjwa kwa mashine. Mwingine hushona mishipa moyo ukiendelea kudunda.

Hapo kundi la WhatsApp la ukoo hugawanyika. Wako wanaoona kwamba kusimamisha moyo ni kumuua mtu halafu kumfufua. Wako wanaouliza fundi gani atashona kitu kinachorukaruka. Kila upande una hoja yake, lakini swali lenyewe, mashine au bila mashine, linastahili nafasi ya pili au ya tatu katika kikao hicho. Ili kuona kwa nini, inabidi kwanza kuelewa ni ugonjwa gani unaozungumziwa.

Moyo hulishwa damu na mishipa yake wenyewe. Miwili huchipuka kwenye aota, yaani mshipa mkuu, mara tu damu inapotoka moyoni. Ule wa kushoto hugawanyika tena, ndiyo maana madaktari huhesabu mitatu. Pale ambapo mpasuaji hushona, upana wake huwa milimita moja na nusu hadi mbili. Kwa wagonjwa wengi, mafuta na chokaa hujijenga mahali pamoja pafupi, na mbele yake mshipa ni mzima. Baipasi ya moyo basi hufanya kazi ile ile ya baipasi za Nairobi: gari huacha barabara kuu kabla ya msongamano, likazunguka, likairudia mbele ambako pako wazi. Kila kitu kinategemea huko mbele kuwa wazi. Ugonjwa ulioenea ni barabara iliyochimbika kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mchepuko unaweza kujengwa vizuri kabisa na bado ukakosa lami ya kurudia.

Wanaopatwa sana na hali hii ni wenye kisukari cha miaka mingi, wenye figo dhaifu, wavutaji sigara, na watu wenye asili ya Bara Hindi, ambao ugonjwa huwaanza mapema kuliko wengine. Kwa wanawake tatizo huongezeka kwa sababu mishipa yao ni myembamba tangu awali. Stenti, kile kijibomba cha wavu wa chuma kinachotanua mshipa kwa ndani, haiwafai vizuri wengi wao, kwani ingehitajika kupangwa stenti juu ya stenti kwenye mshipa mzima. Utafiti uitwao FREEDOM, uliotangazwa mwaka 2012 kwa wagonjwa 1,900 wa kisukari wenye mishipa kadhaa iliyoziba, ulionyesha kwamba baada ya miaka mitano waliokuwa wamekufa ni asilimia 10.9 ya waliofanyiwa baipasi na asilimia 16.3 ya waliowekewa stenti. Kiharusi, hata hivyo, kilikuwa kingi zaidi upande wa baipasi: asilimia 5.2 dhidi ya 2.4. Kwa hiyo mgonjwa mwenye kisukari akipelekwa kwa mpasuaji, kwa kawaida kuna sababu.

Sasa mashine. John Gibbon aliitumia kwa mafanikio kwa mara ya kwanza mwaka 1953 huko Philadelphia. Hupokea damu iliyoishiwa oksijeni, huiongezea, kisha huirudisha mwilini kupitia aota. Aota hubanwa kwa koleo, moyo hupewa maji yenye potasiamu, ukasimama. Mpasuaji anapata uwanja mkavu, uliotulia. Gharama yake ni kwamba damu yote ya mtu inapita kwenye plastiki, mwili unawaka kana kwamba umeshambuliwa, kuganda kwa damu kunavurugika, na ikiwa aota ina chokaa, koleo linaweza kubandua vipande vikaelekea kwenye ubongo.

Wengi hudhani kushona moyo ukidunda ni teknolojia mpya. Vasilii Kolesov alifanya hivyo Leningrad mwaka 1964, miaka mitatu kabla ya René Favaloro kuanzisha baipasi ya vena ya mguu pale Cleveland, ile iliyoenea dunia nzima. Mashine ilipoboreka, njia ya Kolesov iliachwa. Iliyoirudisha miaka ya 1980 ni uhaba: Federico Benetti wa Ajentina na Enio Buffolo wa Brazili walikuwa na wagonjwa wengi na bajeti ndogo, na vifaa vya mashine ni vya kutumika mara moja na kutupwa. Ulaya na Marekani ziliifuata miaka ya 1990, baada ya kundi la Cornelius Borst mjini Utrecht kubuni kifaa cha kutuliza kipande kidogo cha moyo wakati sehemu nyingine zinaendelea na kazi.

Kifaa hicho ni mkono wa chuma wenye vidole viwili, kila kimoja kikiwa na vikombe vidogo vya kufyonza. Huwekwa pande mbili za mshipa. Kabla ya hapo mpasuaji ameshapasua mfupa wa kifua na kuuteremsha ule mshipa unaopita nyuma ya mbavu za kushoto, akiuacha umeshikamana huko juu unakotoka, ili ncha yake ishonwe kwenye mshipa wa mbele wa moyo. Msaidizi ameshachuna vena ndefu ya mguu kwa ajili ya michepuko mingine. Mshipa wa moyo hupasuliwa tundu, kijirija laini huingizwa ndani ili damu iendelee kupita, na hewa yenye unyevu hupulizwa kuondoa damu juu ya tundu. Uzi wenyewe hauonekani vizuri bila miwani ya kukuza.

Mshipa wa mbele ndio rahisi. Ili kuifikia ile ya nyuma, moyo lazima uinuliwe, ncha ikitazama juu, na moyo ulioinuliwa hivyo haujai damu sawasawa. Presha hushuka. Mtaalamu wa nusukaputi huinamisha meza kichwa kikawa chini, huongeza maji na dawa ya kupandisha presha, na isipotosha husema waziwazi: rudisha moyo. Timu iliyozoeana haifiki hapo mara nyingi, kwa sababu kila mmoja anajua mwenzake anakaribia kufanya nini. Timu isiyozoeana hujikuta ikiita mashine kwa dharura, presha ikiwa imeshaporomoka, na kubadili njia katika hali hiyo ni hatari kuliko kuanza na mashine tangu mwanzo.

Matokeo yanasemaje? Tafiti tatu kubwa ndizo zinazotajwa kila mara, na ukizisoma kwa haraka utadhani zinagombana.

Wa kwanza, ROOBY, ulifanywa katika hospitali 18 za wanajeshi wastaafu wa Marekani kwa wagonjwa 2,203. Baada ya mwaka mmoja, waliokufa, waliopata mshtuko wa moyo au waliorudiwa matibabu ya mishipa walikuwa asilimia 9.9 kwa walioshonwa bila mashine, dhidi ya 7.4 kwa waliotumia mashine. Picha za michepuko zilionyesha kwamba iliyobaki wazi ilikuwa asilimia 82.6 bila mashine, na 87.8 kwa mashine. Miaka mitano baadaye vifo vilikuwa asilimia 15.2 dhidi ya 11.9. Ukiishia hapo, kesi imekwisha: mashine imeshinda.

Wa pili, CORONARY, ulikusanya wagonjwa 4,752 katika hospitali 79 za nchi 19. Kwa siku 30 za kwanza, vifo, viharusi, mishtuko ya moyo na figo kushindwa hadi kuhitaji mashine ya kusafisha damu, vikijumlishwa, vilikuwa asilimia 9.8 bila mashine na 10.3 kwa mashine. Miaka mitano baadaye, waliorudiwa matibabu ya mishipa wakijumlishwa pia, 23.1 na 23.6. Hiyo ni sare. Wa tatu, wa Ujerumani uitwao GOPCABE, uliwachukua wazee 2,539 wa miaka 75 na kuendelea, nao ukatoa sare.

Tofauti ilitoka wapi? Angalia mikono iliyoshika sindano. Katika ROOBY, upasuaji mwingi ulifanywa na madaktari waliokuwa mafunzoni chini ya usimamizi, na asilimia 12.4 ya walioanzishwa bila mashine walilazimika kuhamishiwa kwenye mashine. Katika CORONARY, mpasuaji hakuruhusiwa kushiriki kabla ya kuwa na uzoefu wa zaidi ya miaka miwili na kesi zaidi ya 100 za njia anayoitumia. Kwa mtazamo wangu hili ndilo fundisho kubwa la tafiti zote tatu, nalo halimo kwenye vichwa vya habari. Zilichopima kwa kiasi kikubwa ni mazoea ya timu.

CORONARY pia ilionyesha mahali ambapo kuacha mashine kunalipa. Waliohitaji kuongezewa damu walikuwa asilimia 50.7 badala ya 63.3. Waliorudishwa chumba cha upasuaji kwa kuvuja damu, 1.4 badala ya 2.4. Figo kuumia na matatizo ya mapafu vilipungua pia. Kwa nchi ambako ndugu huombwa kuja kuchangia damu kabla ya upasuaji kupangwa, tofauti hiyo ya kwanza haipaswi kupuuzwa. Upande wa pili wa mizani, waliohitaji kufunguliwa mishipa tena ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 0.7 bila mashine na 0.2 kwa mashine. Ni wachache, lakini wanaelekeza kidole pale pale: mchepuko ulioshonwa juu ya moyo unaotembea huwa na nafasi kubwa kidogo ya kuziba.

Turudi kwenye ugonjwa ulioenea, kwa sababu hapo ndipo hesabu inapobadilika. Hakuna hata utafiti mmoja kati ya hizo tafiti tatu uliowatenga wagonjwa hawa na kuwafanya swali lake. Ripoti zilizopo juu ya kushona mishipa ya namna hii moyo ukidunda hutoka zaidi katika hospitali moja moja zenye wapasuaji mahiri, India na Japani zikiwamo, na mahiri huandika matokeo yao yakiwa mazuri. Kazi yenyewe ni ngumu. Pengine mpasuaji lazima apasue mshipa kwa urefu wa sentimita kadhaa na kuufunika kwa ule mshipa wa kifuani, au auvute ule uchafu mgumu wa ndani utoke mzima, kazi ambayo kwa jumla huambatana na vifo na mishtuko ya moyo mingi kuliko baipasi ya kawaida. Kushona kwa urefu huo huku moyo umeinuliwa na presha inacheza kunahitaji mtu aliyezoea sana. Kishawishi cha asiyezoea ni kushona miwili ya mbele, kuiacha ya nyuma, na kufunga kifua. Upasuaji wenyewe utapita salama, mgonjwa ataondoka hospitalini mapema, na maumivu yatarudi.

Kwa hiyo, mgonjwa wa ugonjwa ulioenea ambaye aota yake imejaa chokaa, au figo zake ziko ukingoni, ana sababu nzuri ya kutafuta timu inayofanya kazi bila mashine. Hasa kama timu hiyo inaweza kutumia mishipa ya kifuani peke yake bila kuigusa aota kabisa, hatari ya kiharusi hushuka. Mgonjwa mwenye aota safi na mishipa myembamba ya nyuma inayohitaji kushonwa kwa uangalifu mkubwa, huenda mashine ikawa rafiki yake.

Hapa Kenya upasuaji wa moyo hufanywa Nairobi, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Aga Khan, Nairobi Hospital, Mater na Karen miongoni mwa nyingine, na pia Tenwek kule Bomet. Dar es Salaam ina Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete tangu 2015. Lakini kwa miaka mingi wagonjwa wa moyo waliopasuliwa Afrika Mashariki walikuwa hasa watoto wenye matundu ya kuzaliwa nayo na vijana ambao vali zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi. Wapasuaji wetu walijifunza vali kwanza. Mazoea ya kushona mishipa ya milimita moja na nusu yanajengwa kwa kesi nyingi, wiki baada ya wiki, na kesi hizo zimegawanyika katika hospitali kadhaa. Hilo halisemi chochote kuhusu kipaji cha mtu yeyote. Linasema tu kwamba familia ina haki ya kuuliza: wewe mwenyewe hufanya ngapi kwa mwaka kwa njia hii? Ni wangapi hulazimika kuhamia kwenye mashine katikati ya kazi? Kwa mishipa hii ya baba yetu, unatarajia kushona mingapi, na ipi itabaki bila kushonwa? Daktari mzoefu hachukizwi na maswali hayo.

Lipo pia swali la nne, ambalo wengi hulisahau kwa sababu kikao kimeshaanza kuhesabu pesa: je, upasuaji unahitajika kweli? Utafiti wa ISCHEMIA, uliohusisha wagonjwa 5,179 ambao ugonjwa wao ulikuwa umetulia, haukuona kwamba kukimbilia stenti au baipasi kunapunguza vifo ukilinganisha na kuanza na dawa kwa bidii, ingawa waliotibiwa mishipa walipungukiwa na maumivu zaidi. Waliokuwa na mshipa mkuu wa kushoto ulioziba au moyo uliodhoofika sana hawakuwamo, na kwao upasuaji una nguvu yake. Utafiti mwingine, STICH, uliwachukua wenye moyo dhaifu. Baada ya miaka kumi waliokufa walikuwa asilimia 58.9 ya waliopasuliwa na 66.1 ya waliotumia dawa pekee. Faida hiyo ilichukua miaka kujitokeza. Mzee wa miaka themanini mwenye magonjwa mengine matatu anapaswa kuambiwa hivyo kabla ng'ombe hawajauzwa.

Mbona ugonjwa hugunduliwa ukiwa umeshaenea? Mwaka 1929 daktari mmoja wa serikali ya kikoloni, Donnison, aliandika kutoka Kavirondo Kusini, magharibi mwa Kenya, kwamba alikuwa amepima presha za Waafrika wapatao elfu moja bila kukuta tatizo la presha ya juu. Wazo kwamba magonjwa haya ni ya Wazungu na matajiri wa mjini lilikaa muda mrefu baada ya hapo, na mabaki yake bado yapo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu robo ya watu wazima wa Kenya wana presha ya juu. Zaidi ya nusu hawakuwa wamewahi kupimwa presha, na karibu tisa katika kumi hawakuwa wamewahi kupimwa sukari. Hivyo mtu wa Zombe au Mtito Andei anaweza kuishi na kisukari miaka kumi bila jina lake. Kifua kinapobana anapopanda kilima, hupewa dawa za asidi na kuambiwa ni vidonda vya tumbo. Kisukari kikiwa kimeua neva, hata maumivu yenyewe huenda yasitokee. Anachosikia ni pumzi kukatika. Ugonjwa ulioenea hutengenezwa katika miaka hiyo.

Na ukifika mshtuko wa moyo wenyewe, Kitui mjini hadi Nairobi ni kilomita kama 170, na Mutomo au Kyuso ni mbali zaidi. Dawa ya kuyeyusha donge la damu hufaa ndani ya saa 12 za kwanza, na hufaa zaidi kadiri inavyowahi. Kipimo cha umeme wa moyo huchukua dakika chache na kinaweza kufanywa katika hospitali ya kaunti ndogo. Misuli inayookolewa saa hizo ndiyo itakayoamua kama kutakuwa na moyo wa kupasua baadaye.

Upande wa malipo nitapita haraka. Chini ya gavana Kivutha Kibwana, Makueni ilianzisha MakueniCare, kaya ikilipa shilingi 500 kwa mwaka. Kitui chini ya Charity Ngilu ilikuwa na mpango wake. Yote miwili ilijengwa juu ya hospitali za kaunti, na baipasi haiko huko. Tangu Oktoba 2024, SHA, bima ya afya ya taifa, imechukua nafasi ya NHIF, mwajiriwa akikatwa asilimia 2.75 ya mapato. Kabla ya kupanga harambee, familia idai kwa maandishi kutoka hospitalini ni kiasi gani SHA italipa, na kipi hakimo.

Baada ya upasuaji, kifua huhitaji wiki sita hadi kumi na mbili kushikana. Mtungi wa lita ishirini ni kilo ishirini, na kwa mama anayerudi nyumbani ambako maji hufuatwa mtoni, agizo la kutobeba kitu kizito halina maana mpaka apangiwe mtu wa kumchotea. Mguu ulikotolewa vena utavimba. Mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika kwa siku kadhaa. Halafu zinakuja dawa. Uchunguzi wa wagonjwa 5,065 uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta kwamba waliopewa aspirini ndani ya saa 48 baada ya baipasi walikufa hospitalini kwa asilimia 1.3, na wasiopewa kwa asilimia 4. Vena ya mguu huanza kuziba mapema, na nyingi kati ya zilizopandikizwa huwa zimeziba ifikapo mwaka wa kumi. Mshipa wa kifuani hudumu zaidi sana. Kwa mishipa iliyoathirika kote, statini (dawa ya kupunguza kolesteroli), aspirini na sukari iliyodhibitiwa ndizo zinazoamua mchepuko utaishi muda gani. Statini si ghali, lakini lazima ipatikane kila mwezi karibu na nyumbani, na mgonjwa asiiache anapojisikia nafuu.

Kabla ya kuondoka hospitalini, familia iombe nakala ya ripoti ya upasuaji yenyewe, siyo ile ya kuruhusiwa tu: mchepuko gani ulishonwa kwenye mshipa gani, kutoka wapi, na upi uliachwa. Iwekwe pamoja na kitambulisho na kadi ya kliniki. Maumivu yakirudi baada ya miaka minane, daktari wa anjiogramu atakuwa mwingine, pengine katika hospitali nyingine, na bila karatasi hiyo atapoteza muda na dawa ya picha akitafuta michepuko ndani ya kifua ambacho hajawahi kukiona.